Basuni Juu ya Pikapu

 Mara nyingi sisi walimu huandika habari za makosa ya wanafunzi wetu, nanyi husoma na kutikisa vichwa. Leo nataka kuandika habari za kosa la mwalimu, na mwalimu huyo ni mimi mwenyewe. Pamoja na hayo nitawaeleza habari za chombo kimoja cha muziki ambacho wengi wenu hamjapata kukiona, nacho chaitwa basuni; maana chombo hicho ndicho kilichonifumbua macho.

Mimi nakaa Njiro, upande wa kusini-mashariki wa mji wa Arusha. Wazee hukumbuka mahali hapa palipokuwa mashamba. Siku hizi pamejaa nyumba, maduka, kumbi za sherehe na Chuo cha Uhasibu. Walakini asubuhi, mawingu yanapoondoka, Mlima Meru huonekana vile vile kama walivyouona babu zetu. Kazi yangu ilikuwa kufundisha katika shule ya msingi, na kwa muda wa miaka 20 nilikuwa kiongozi wa kwaya ya tarumbeta katika usharika wetu.

Labda vijana hawajui tarumbeta hizi zilifikaje kwetu. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka 1896 wawili wao, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, hapa Meru, na kazi haikupata kituo hata mwaka 1902, kilipowekwa kile cha Nkoaranga. Watu hawa walitoka katika nchi ambayo wakulima na mafundi, wakiisha kazi za mchana, hukusanyika jioni na kupiga nyimbo za kanisa kwa tarumbeta katika sauti nne, bila malipo yo yote. Mchungaji mmoja wa huko, Johannes Kuhlo, aliyefariki mwaka 1941, alitumia maisha yake kufundisha kwaya za namna hiyo, na fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba tarumbeta yapasa kuimba kama mtu aimbavyo. Desturi hiyo ikaota mizizi Kilimanjaro na Meru, hata leo mtu akizikwa au akiolewa twataka kusikia sauti ya shaba.

Basi katika kwaya yetu alikuwako kijana mmoja mpiga besi. Besi ni ile tarumbeta kubwa kupita zote, ambayo mpigaji huipakata kama mtoto. Kijana huyu nilimfundisha tangu alipokuwa darasa la sita, wakati besi yenyewe ilikuwa kubwa kuliko yeye. Nilimfundisha kuvuta pumzi kwa tumbo, si kwa mabega. Nilimfundisha kusikiliza wenzake kabla ya kujisikiliza mwenyewe. Na zaidi ya yote nilimfundisha kupiga polepole na kwa sauti ya chini. Kupaza sauti ya besi ni rahisi, hata upepo ungeweza. Kuishusha, nayo isipotee, hiyo ndiyo kazi. Alijifunza vema kuliko wote niliowafundisha.

Mwaka 2011 nikapata habari kwamba siku za Jumamosi kijana yule hupiga katika harusi za mjini pamoja na kundi la watu wa matarumbeta. Ninyi mmeyaona mambo hayo. Wapigaji hupanda nyuma ya pikapu, hugeuza nyuso zao kuelekea gari la bibi arusi, na msafara huenda mwendo wa pole huku magari yakipiga honi na kuwasha taa. Wimbo ule ule uliopigwa kanisani hutiwa mwendo wa kucheza, na watu walio kando ya barabara huacha mikokoteni yao wakatikisa mabega. Mimi niliona ni aibu. Hata Jumapili moja akachelewa kufika ibadani, midomo imemvimba kwa kazi ya jana, na katika ubeti wa pili akakosea.

Ibada ilipokwisha nikamwita mbele ya wenzake wote, nikamnyang'anya besi, nikasema, "Midomo ya mtu haiwezi kutumikia madhabahu na pikapu pamoja." Watu walilisifu neno lile, nami nikajisifu moyoni. Yeye hakujitetea. Alisema tu, "Nimesikia, Mwalimu," akachukua kofia yake, akaenda.

Besi ikawekwa stoo. Hakuna mwingine aliyeweza kuipiga sawasawa, na kwaya ya tarumbeta isiyo na besi ni kama nyumba isiyo na msingi. Tulikuwa watu 14. Baada ya miaka michache tukawa 5, nami nikasema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu.

Sasa nije kwenye habari ya basuni. Mwezi wa Desemba mwaka 2022 mpwa wangu, binti wa dada yangu aliyeolewa Nairobi, alikuja kwetu kwa ajili ya harusi ya binti wa kaka yangu. Alishuka garini na sanduku jeusi, nami nikadhani amemletea shangazi yake cherehani. Jioni akalifungua sebuleni. Ndani mlikuwa na vipande vya mti mwekundu vilivyopigwa msasa hata vikang'aa, na vitufe vya chuma vingi mno. Akaviunga kimoja kimoja, kikawa chombo kilichofika kifuani pangu kiliposimamishwa sakafuni. Akatuambia kwamba ndani yake mna njia ya hewa yenye urefu wa kadiri ya mita 2 na nusu, iliyokunjwa mara mbili ili mtu aweze kuibeba; na kwamba kidole gumba cha mkono wa kushoto peke yake kina kazi ya vitufe kama 9. Wajomba zake walitazama vidole gumba vyao wenyewe.

Juu ya mrija mwembamba uliopindika hutiwa ulimi, nao ni vipande viwili vya tete vilivyochongwa vikawa vyembamba kama ngozi ya kitunguu, vikafungwa pamoja kwa waya na uzi. Ulimi huo mkavu hausemi neno. Aliuweka kwanza katika kikombe cha maji, kama mtu aloweshavyo maharage, tukangoja. Alisema wapigaji wengi huchonga ndimi zao wenyewe kwa kisu, na kwamba yeye hutumia saa nyingi kwa kuchonga kuliko watu wanavyodhani.

Kisha akapiga. Alianza na sehemu ya polepole ya utungo ambao Mozart aliutungia basuni na okestra mwaka 1774, alipokuwa kijana wa miaka 18. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu mzima anayesema na nafsi yake baada ya wageni kuondoka. Nyumba nzima ilitulia. Mimi nilifurahi sana, nikasema moyoni, Huyu ndiye mtoto wa nyumba yetu.

Alipomaliza, watoto wakamwomba apige tena. Mara akapiga kuku aliyetaga na kutangaza habari zake uwanjani. Akapiga mbuzi. Akapiga pikipiki ya bodaboda isiyotaka kuwaka asubuhi ya baridi, ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka, ikapanda mlima. Mwisho akapiga mzee anayekoroma wakati wa mahubiri, ambaye mkewe humgusa kwa kiwiko, naye huamka na kusema Amina mahali pasipo pake. Watoto walianguka chini kwa kicheko, na dada yangu alijifuta machozi kwa kanga. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Mpwa wangu, mama yako aliuza ng'ombe ili usome. Je! aliuza ng'ombe ili upige kuku?"

Akatua basuni yake taratibu, akasema, "Nisamehe, Mjomba. Lakini nipe ruhusa nikueleze." Tukaketi wawili nje, karibu na jiko la mkaa, maana usiku wa Njiro una baridi hata mwezi wa Desemba.

Akanieleza kwamba huko Nairobi hupiga katika okestra, amevaa nguo nyeusi, ameketi kwa adabu, na kazi hiyo huipenda. Lakini pamoja na hayo yeye na rafiki zake watatu, wote wapiga basuni, wamefanya kundi lao dogo. Hupiga nyimbo za harusi, nyimbo ambazo makondakta wa matatu huziimba, na hadithi za wanyama. Wapiga sokoni, shuleni, na katika wodi za watoto wagonjwa. Hawavai nguo nyeusi. Mmoja wao hupiga akiwa amevaa kilemba cha bibi yake.

"Nilipoanza kujifunza," akasema, "mwalimu wangu aliniambia kwamba watu hukiita chombo hiki mchekeshaji wa okestra. Nilikasirika, Mjomba. Nilitaka kuwa mtu wa heshima. Baadaye nikasoma habari zake, nikaona kwamba waliokipenda chombo hiki hawakuikimbia furaha yake." Akanitajia padre Vivaldi, aliyekuwa mwalimu wa muziki katika nyumba ya wasichana yatima mjini Venice, na ambaye alitunga zaidi ya tungo 30 za basuni na okestra. Akanitajia Mrusi aitwaye Prokofiev, ambaye mwaka 1936 aliwatungia watoto hadithi ya muziki, na humo babu mnung'unikaji husema kwa sauti ya basuni. Akanitajia na Stravinsky, ambaye mwaka 1913 mjini Paris alianza utungo wake mkubwa kwa basuni peke yake, juu kabisa mahali ambapo haikuzoea kwenda. Na usiku ule watu walifanya ghasia ukumbini.

"Chombo ni kile kile kimoja," akasema. "Nikijua kukiliza tu, nisijue kukichekesha, nimekijua nusu. Tena, Mjomba, mtoto mgonjwa haniombi Mozart. Aniomba mbuzi. Nikimpa mbuzi leo, kesho atasikiliza na Mozart."

Nikamwuliza, "Na nyumba ya Mungu je?" Akajibu, "Mimi sikusema kuku apigwe kanisani."

Tena akanihadithia habari za ndugu zetu wa Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, naye alikuwa rubani wa ndege, alianzisha okestra katika kanisa lao. Walianza na violini chache, wakipokezana, watu ambao mchana walikuwa na kazi nyingine. Leo okestra ile yajulikana duniani. Na huko kwao Nairobi, katika mtaa wa Korogocho karibu na jaa kubwa la takataka, watoto hufundishwa vyombo vya okestra tangu mwaka 2008, kazi iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge. "Watu hawa," akasema, "hawakungoja mtu awape ruhusa kwamba muziki huu ni wao. Wameushika, wanaufanyia kazi, na kwa hiyo wanaweza pia kuuchezea. Mtu hachezei kitu cha kuazima, Mjomba. Huchezea kilicho chake."

Sikumjibu. Nilimwambia amelala usiku mwingi kwa safari, akapumzike. Lakini mimi mwenyewe sikupata usingizi.

Nikakumbuka ujana wangu, nilipopelekwa kufundisha Tanga. Pale kwa mara ya kwanza niliona zumari. Hicho nacho ni chombo cha kupuliza, na ulimi wake hufanywa kwa majani ya mnazi au ya mti wa jamii yake, yaliyokunjwa na kufungwa, nao hutiwa mate kabla ya kusema. Nilipokuwa nikitazama ule ulimi wa tete katika kikombe, moyo wangu ulikuwa ukiniambia kwamba nimeuona mahali fulani, na usiku ule nikajua ni wapi. Basuni na zumari ni watu wa ukoo mmoja. Na yule mzee wa zumari pale Tanga, aliyejaza mashavu yake kama vibuyu na kupiga bila kukata pumzi huku watu wakicheza, hakuna mtu aliyemwuliza kama ana heshima. Alikuwa na heshima.

Nikakumbuka tena habari za beni ambazo wazee wa pwani walinisimulia. Mwaka 1875 misheni ya Kiingereza ilijenga Frere Town karibu na Mombasa, mji wa watumwa waliokombolewa, na vijana wa huko walifundishwa tarumbeta. Mwishoni mwa karne ile watu wa pwani wakaanza ngoma yao wenyewe ya kuigiza beni za askari na za misheni. Wakajipa vyeo, huyu kingi, huyu jenerali, wakashona nguo za kufanana na za jeshi, wakaandamana mitaani. Baada ya vita vya mwaka 1914 hata 1918 ngoma hiyo ikaenea Tanganyika yote. Wakubwa wa serikali hawakuipenda, na watu wa misheni hawakuipenda. Wao wamekwenda zao, na Unguja beni bado hupigwa katika harusi, watu wakicheka na kuimba.

Basi kama sauti ya tarumbeta yetu ilitoka kanisani ikaenda barabarani, haikuanza na kijana wangu. Ilikwenda njia hiyo kabla baba yangu hajazaliwa.

Siku ya harusi, tulipotoka kanisani, pikapu ilikuwa imesimama uani tayari, na watu saba wa matarumbeta juu yake. Katikati yao, amevaa miwani ya jua na shati jekundu, alikuwako yule kijana wangu wa besi. Hakuwa kijana tena. Alikuwa na ndevu na kitambi kidogo. Aliponiona alivua miwani, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika, "Marahaba." Tukaishia hapo, maana mimi sikujua neno la pili.

Mpwa wangu hakujua lo lote la habari zetu. Alikwenda mpaka kwenye pikapu, basuni kifuani kwa mkanda wake, akasema, "Kaka, niruhusuni nipige nanyi wimbo mmoja." Wakacheka, wakamvuta juu. Wapwa wengine wakashika simu zao.

Yafaa mjue kwamba basuni haina nguvu za tarumbeta. Mbele ya tarumbeta tatu, tromboni mbili, ngoma na besi, sauti yake ni kama mtu anayesema katika mvua ya mawe. Wakaanza wimbo wa kanisa ambao ninyi nyote mwaujua, katika mwendo wao wa kucheza, na basuni ikapotea kabisa. Niliona vidole vya mpwa wangu vikienda, wala sikusikia kitu. Nikasema, Ameaibika.

Ndipo yule mpiga besi akainua mkono mmoja, akaushusha polepole, kiganja chini. Tarumbeta zikatulia. Ngoma ikapigwa kwa ncha za vidole. Na yeye mwenyewe akapiga besi kwa namna ambayo ungedhani mtu ananong'ona shimoni. Kila sauti ilikuwa kamili, mviringo, wala haikupotea. Juu ya mnong'ono ule basuni ikasimama, ikasikika mpaka nje ya ua.

Ndugu zangu, mimi niliujua mnong'ono ule. Ndio niliomfundisha katika nyimbo za Ijumaa Kuu, jioni baada ya jioni, alipokuwa mtoto wa darasa la sita. Nilidhani ameupoteza kwenye pikapu. Kumbe ameutunza huko muda wa miaka 11, na siku hiyo alimpa mgeni asiyemjua, ili sauti ndogo isikike kati ya sauti kubwa. Nikatazama viatu vyangu.

Juu ya pikapu wale wawili walianza kusemezana. Mama wa bibi arusi alikuwa akilia, kama wafanyavyo akina mama siku kama hiyo. Basuni ikamwigiza kilio chake, kwa upole, bila kumdhihaki. Besi ikamjibu kama baba asemaye, Basi, mama, basi, anakwenda karibu tu. Basuni ikalia zaidi. Besi ikamjibu tena, na mara hii na yenyewe ikaanza kulia. Watu wakaelewa, wakapiga vigelegele, na mama wa bibi arusi akacheka huku machozi bado yakimshuka. Katika miaka 20 ya uongozi wangu sikupata kumfariji mtu kwa haraka kama vile.

Pikapu ilipotaka kuondoka, mpwa wangu akashuka, akarudisha basuni sandukuni, akisema kwamba shimo moja la barabara laweza kumvunja ulimi na meno pamoja. Msafara ukaenda kiplefti cha Impala, ukazunguka na Mnara wa Saa, ukarudi Njiro ukumbini. Mimi nilikuwa garini, kimya.

Usiku ule nikafungua kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 6. Mwaijua habari ile. Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele ya sanduku la Bwana, na Mikali mkewe alimtazama dirishani, akamdharau moyoni mwake. Habari hii nimeihubiri mara nyingi mbele ya watoto wa shule, na kila mara nilijiweka upande wa Daudi. Usiku ule niliona wazi kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nimekaa dirishani pamoja na Mikali.

Siku ya Jumatatu nikapanda daladala, nikashuka Unga Limited, nikauliza nyumba ya mpiga besi. Watoto walinipeleka mpaka mlangoni. Kumbe kila mtu amjua. Mkewe akanikaribisha chai. Yeye akatoka ndani na besi yake mkononi, besi kuukuu yenye viraka vya risasi mahali pengi, aliyoinunua kwa fedha za harusi. Kwa fedha hizo hizo amesomesha watoto wawili.

Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuja kuomba radhi kwa neno nililolisema mbele ya wenzako."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, siku ile nilichelewa ibadani. Kama ungalinionya kwa kuchelewa, ningalikubali, maana lilikuwa kosa langu. Lakini hukunionya kwa kuchelewa. Uliniadhibu kwa sababu watu walicheza."

Nikasema, "Ndivyo ilivyokuwa. Nisamehe."

Akanyamaza tena. Nilidhani hatanijibu. Hata akauliza, "Ile besi ya usharika iko wapi?"

"Iko stoo."

"Vali zake umezitia mafuta miaka hii yote?"

"Sikuzitia."

Hapo akatikisa kichwa kwa huzuni, na nadiriki kusema kwamba jambo hilo lilimwumiza kuliko yale niliyomtenda yeye. Akavaa viatu, tukaenda pamoja. Tulipoitoa besi stoo tulikuta nyigu wamejenga ndani ya mdomo wake. Aliketi nayo barazani mpaka jioni, akiiosha, akiitia mafuta, akijaribu sauti moja moja, na mimi nilimshikia taa.

Jambo letu lililetwa mbele ya baraza la wazee wa usharika. Wengine walikuwa na mashaka, na mashaka yao hayakuwa ya kipuuzi. Walisema vyombo vimenunuliwa kwa sadaka za watu, haifai viharibike barabarani. Walisema sherehe zina pombe. Walisema mtu akikesha Jumamosi hawezi kuamka Jumapili. Tukakubaliana hivi: vyombo vya usharika vibaki usharikani, na mwenye kupiga harusini apige chombo chake au cha kundi lake, mwenye kuchelewa ibadani aonywe kwa kuchelewa kwake, wala asiulizwe alicheka wapi, na mpiga besi awe mwalimu wa watoto kila Jumatano.

Siku ya Pasaka mwaka 2023, alfajiri, kabla jua halijapanda, tulisimama makaburini kama desturi yetu, tukapiga. Tulikuwa watu 8. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2011 wimbo ulikuwa na msingi wake. Ibada ilipokwisha na watu wametoka nje, watoto wakamzunguka wakimwomba awapigie bodaboda, maana walikuwa wameisikia kwa yule mpwa wangu. Alinitazama kwanza. Nikamwambia, "Wapigie." Bodaboda ya besi ni nzito kuliko ya basuni, yafanana na lori, walakini iliwaka.

Katika watoto wale, sita huja sasa siku ya Jumatano, na watatu kati yao ni wasichana. Hawakuja kwa ajili ya nyimbo za Ijumaa Kuu. Walikuja kwa ajili ya lori. Lakini sasa wanajifunza kushusha sauti isipotee.

Walimu wenzangu, sisemi kwamba kila mchezo ni mwema. Uko mchezo wa mtu asiyejua kazi, naye huuficha ujinga wake kwa kelele. Uko mchezo wa dhihaka, unaomwacha mwenzako na aibu. Hiyo tuikataze. Lakini uko na mchezo wa mtu aliyekijua chombo chake mpaka ndani, naye hukipeleka kwa watu wasioweza kuja kilipo. Mchezo huo ni tunda la mafundisho yetu wenyewe, na tukiukata twajikata sisi. Ikiwa katika shule yako au kwaya yako yumo mtoto apigaye kuku, usimwulize mama yake aliuza ng'ombe kwa ajili gani. Mwambie apige tena, nawe sikiliza vizuri kama kuku huyo amepigwa kwa sauti iliyo sawa.

Na kama kiko chombo stoo kwenu, nendeni mkakiangalie leo, kabla nyigu hawajakiona.

Wasalaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, Njiro, Arusha.